Nyumba Namba Kumi na Saba

12 Januari

Wifi yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama mgongo bado unakusumbua, basi ikukute umekaa. Huku sote hatujambo. Binti yetu amefaulu mtihani wa ufundi umeme, na tangu apate cheti haingii chumba bila kutazama dari kwanza na kutikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa. Juzi kaniambia waya za nyumba hii zilifungwa na mtu aliyekuwa anawahi chakula. Nikamjibu, "Mtu huyo ni marehemu baba yako." Akatazama tena dari, akasema, "Basi siku hiyo alikuwa na njaa kweli." Tulicheka mpaka tukalia. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Tangu msiba, mimi na wewe tukishika simu tunaishia kulia na kusema "haya basi." Karatasi ina subira zaidi yetu.

Sasa nikupe la mtaani. Wiki iliyopita ukuta wa kile kiwanda cha nyuzi kilichokufa, hapa nyuma yetu, umebandikwa tangazo kubwa kama shuka. Kampuni inataka kubomoa kiwanda na kujenga maghorofa manne, kila moja lina orofa kumi na nne, na maduka, na maegesho ya magari. Fundi Baiskeli alitusomea kwa sauti, akasoma vizuri mpaka akafika chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama chawa. Hapo akashusha sauti. Barabara ya kuingilia magari itapita juu ya safu ya chini ya mtaa, nyumba namba moja hadi ishirini.

Sisi ni kumi na saba, wifi.

Kuna kijana mwenye tai anapita nyumba kwa nyumba na makaratasi ya kuridhia. Mpole, ana viatu vinavyong'aa. Kwangu hakubisha. Nilimwona dirishani, akatazama namba ya mlango, akatazama daftari lake, akapita. Nimejiambia labda kaogopa mbwa wa jirani.

Jumapili tunakutana darasani kwa Mwalimu Mstaafu tuone la kufanya. Nitakuandikia.

Wifi yako, wa cherehani.


20 Februari

Wifi,

Nimepata barua yako. Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine mbili za kukaushia zimekufa kwa pamoja, na hospitali yenye vitanda mia sita haiwezi kuwaambia wagonjwa wasubiri mashuka. Tumekausha kwenye kamba juu ya paa kama zamani. Mimi ndiye mkuu wa dobi, lakini wiki tatu hizi nimebeba mabeseni kama aliyeajiriwa jana.

Mpongeze binti. Mwambie shangazi yake anajivuna kwa watu asiowajua.

Kuhusu maghorofa, ushauri wangu ni kwamba usijichoshe. Huku nilipo nimeona mitaa mizima ikiondoka, na waliopiga kelele waliondoka sawa na walionyamaza, ila walikuwa wamekauka koo. Afya yako ni muhimu kuliko kuta.

Nina swali moja tu. Kama ingebidi uhame, ungependa kuishi wapi?

Wifi yako.


3 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mabeseni. Mimi ningekuwa mgonjwa hapo ningejivunia shuka lililoanikwa na mkuu wa idara.

Swali lako nimelisoma mara tatu na sijalipatia jibu. Nihame niende wapi? Kwa hiyo nimelikunja nikaliweka pembeni. Ukipata nafasi nieleze ulikuwa na maana gani.

Nina habari: nimechaguliwa mwenyekiti! Sikuomba. Nilisimama kumwambia Mzee Ndiyo-Hapana asogeze kiti, watu wakadhani nahutubia, wakapiga makofi. Unamkumbuka yule mzee wa namba tisa, ukimwuliza chochote anajibu "ndiyo, hapana" kwa pumzi moja asimkosee mtu. Basi yeye ndiye makamu wangu. Mungu atusaidie.

Mkutano ulikuwa moto. Vijana wanataka kazi kwenye ujenzi, na ni haki yao. Wengine wanataka kiwanda kibaki kilivyo na popo wake. Mama Pacha akasema atalala mbele ya tingatinga, mumewe akamwuliza pacha atamwachia nani. Mimi nikasema kitu kilichokuwa kinanikereketa: "Sisi hatukatai jengo. Tunakataa kufutwa." Mwalimu Mstaafu akaandika ubaoni.

Halmashauri imetoa siku tisini za kupokea maoni kabla ya kikao cha wazi. Tulikwenda watano ofisi ya mipango kuomba kuona ramani. Karani alituacha kwenye benchi kutoka saa tatu hadi saa nane, akidhani njaa itatuondoa. Hakujua mimi nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na saba. Kukaa ndiyo kazi yangu. Mwishowe akaitoa.

Wifi, kusoma ramani si kugumu kama tunavyotishwa. Ni kama kukata gauni. Mistari ni mistari, lazima tu ujue upande gani ni mbele. Nikatafuta kile kichochoro cha pembeni mwa kiwanda, kinachotupeleka zahanati na shuleni. Kimefungwa. Pembeni wameandika: "Njia isiyo na matumizi."

Nilihisi kama nimetukanwa mimi mwenyewe. Basi tumeamua kuhesabu watu.

Wifi yako, sasa Mheshimiwa Mwenyekiti.


29 Machi

Wifi,

Hujanijibu, nadhani mashine bado. Pole. Nakuandikia hivyo hivyo maana siwezi kukaa na jambo hili peke yangu.

Tumehesabu! Jumatano, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, watu wawili wawili kila mwisho wa kichochoro, wakipokezana. Nilitoa vifungo vyote vya dukani kwangu. Kila anayeingia, kifungo kimoja kwenye kopo. Anayerudi hahesabiwi tena. Tulimwona mama mwenye mimba akienda zahanati amejishika kiuno. Wanafunzi walipita kama mafuriko. Kipofu wa namba thelathini na mbili alipita na fimbo yake bila kugusa ukuta hata mara moja, anakijua kichochoro kile kuliko mchora ramani. Mzee Ndiyo-Hapana alisinzia, binti yetu akamwamsha, akasema hakusinzia, alikuwa anahesabu kwa masikio.

Watu elfu moja mia tisa arobaini na sita. Siku moja.

Tumemwaga vifungo mezani kwa Mwalimu Mstaafu tukavihesabu mara mbili. Mtaa huu, wifi, mimi nilidhani naujua.

Mwezi ujao kampuni inakuja kutueleza mpango wao. Tutawaonyesha.

Nijibu hata mistari miwili.

Wifi yako.


18 Aprili

Barua hii haina salamu.

Jana kampuni walikuja darasani. Ofisa wao, mwanamke mwenye sauti nzuri, alisema wakazi wengi wameshaafiki, akaanza kusoma orodha. Namba mbili, mmiliki ameridhia. Namba sita, mmiliki ameridhia. Akafika.

"Namba kumi na saba, mmiliki ameridhia. Tarehe tisa Desemba."

Wifi, darasa lilikuwa na watu zaidi ya themanini. Wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika kopo la vifungo mikononi. Mama Pacha aliuliza, "Mwenyekiti, wewe umesaini tangu Desemba?" Nikasema sijui chochote. Na kila aliyenisikia aliona kwamba ama ni mwongo ama ni mtu anayeishi katika nyumba ya watu.

Sasa najua kwa nini yule kijana hakubisha kwangu.

Sikuulizi kitu.


6 Mei

Wifi yangu, kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo,

Nimeanza barua hii mara nne. Tatu zimeingia kwenye tanuri la hospitali pamoja na bandeji.

Nilisaini. Alinifuata kazini, kijana yule yule, nikiwa nimeshika shuka la wodi ya wazazi. Alisema mtaa mzima umekubali na imebaki nyumba yetu tu. Ningeweza kujua kama ni kweli kwa stempu moja. Sikukuuliza. Na sikukuuliza kwa sababu nilijua utakavyojibu.

Unajua baba aliniandikia mimi ile nyumba. Alisema kaka ana mkono mwepesi, atawagawia marafiki chumba kimoja kimoja mpaka alale nje. Tulicheka sote siku ile, kaka kuliko wote. Lakini tangu tumzike sijakanyaga hapo. Miaka sita. Kila nikikata tiketi namwona amesimama mlangoni akiniuliza nimemletea nini, na tiketi nairudisha. Nikajidanganya kwamba nyumba ikiondoka, na lile jeraha litaondoka nayo. Nilipokuuliza ungependa kuishi wapi, nilikuwa nataka unijibu ili nijione nimekutendea wema. Hukujibu, nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, wifi. Ndivyo mtu mwenye kosa anavyokuwa.

Karatasi ile bado inaweza kutenguliwa. Imeandikwa kwamba mmiliki anaweza kujitoa kabla ya kikao cha halmashauri. Sijaitengua bado. Sitaki kufanya jambo la pili kuhusu nyumba hiyo bila kukuuliza, kama nilivyofanya la kwanza.

Basi nakuuliza leo, nimechelewa miezi mitano. Unataka nini?

Wifi yako.


17 Mei

Wifi,

Hujambo? Nimekusalimu, kwa hiyo ujue hasira imepungua. Haijaisha. Imepungua.

Binti hajambo. Amepata kazi ya kufunga umeme kwenye jengo la posta. Mimi mguu wa kulia umevimba kwa sababu ya kupanda ngazi za ofisi za watu.

Umeniambia ukweli wako, nami nikupe wangu. Miaka sita nimeishi humu kama mgeni ambaye wenyeji wamesahau kumuaga. Barua yako ikifika naipapasa kwanza kwa nje, nihisi kama ndani kuna karatasi ngumu ya kuniambia nitoke. Nimebadilisha mapazia mara mbili, lakini msumari mpya sijapigilia ukutani hata mmoja. Sikukuuliza kuhusu hati kwa sababu nilijua iko kwa nani, na asiyeuliza hajibiwi vibaya. Kwa hiyo tulikuwa wawili wa kunyamaza. Wewe ulisaini gizani, mimi nilijifanya mwenye nyumba mchana kweupe.

Baada ya mkutano ule niliandika barua ya kujiuzulu, nikaipeleka. Niliwaambia wazi: "Nyumba si yangu. Sijawahi kuwa na hati. Chagueni mwenye nyumba awaongoze." Kisha Mzee Ndiyo-Hapana akasimama, tukasubiri zile mbili zake. Akasema, "Hapana." Akakaa. Wifi, miaka yote hiyo hatujawahi kumsikia akisema moja tu!

Halafu Mwalimu Mstaafu akasema, "Katika nyumba arobaini za mtaa huu, thelathini zina wapangaji. Kumbe mwenyekiti wetu ni mmoja wao. Mimi naona sasa ndiyo anatufaa." Mama Pacha akaja kunishika mkono. Hakuomba radhi, yeye haombi, lakini aliushika mpaka ukafa ganzi.

Usiku ule nilielewa kwamba tulikuwa tumeandika madai ya wenye hati tu. Tumeyaandika upya. Sasa tunasema: aliyeishi mtaani miaka mitano, awe na hati au asiwe nayo, apewe nafasi ya kubaki kwa kodi anayoiweza.

Umeniuliza nataka nini. Siwezi kukuomba nyumba yako. Nataka uamue ukiwa unajua kwamba kuna mtu ndani.

Kikao ni tarehe 11 Juni.

Wifi yako.


4 Juni

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa fundi umeme wetu. Naandika haraka. Dereva wa hospitali anapita huko kupeleka dawa, nimempa bahasha hii mkononi maana posta siiamini kwa siku saba.

Ndani kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kujitoa, ina mhuri na sahihi yangu. Wakili alisema ni mistari mitatu tu. Nikamwambia aongeze wa nne: "Niliambiwa mtaa mzima umekubali. Haikuwa kweli." Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ushahidi wangu ni kopo la vifungo. Alinitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Ya pili usiipeleke kwenye kikao. Ni yako. Ni fomu ya kuandika hati kwa majina mawili. La kwangu nimeshaliandika. Nafasi ya pili iko wazi.

Usinishukuru. Ulipoandika kwamba unazipapasa barua zangu kabla ya kuzifungua, niliondoka kwenye mashine nikaenda kukaa stoo ya sabuni. Wenzangu walidhani mgongo.

Wapige, wifi. Kwa adabu.

Wifi yako.


27 Juni

Wifi yangu wa pekee,

Salamu kutoka kwa kila mtu, hata mbwa wa jirani. Dereva wako alifika asubuhi ya kikao chenyewe, saa mbili na robo, mimi nimeshavaa. Gari lilimharibikia siku tano njiani. Nilimpa chai, akainywa amesimama, nadhani machozi yangu yalimtisha.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wajumbe watano mezani. Ofisa wa kampuni akaeleza mpango wake, akafika kwenye kichochoro, akasema tena yale maneno, njia isiyo na matumizi. Nikainua mkono.

Nikasema, "Watu elfu moja mia tisa arobaini na sita kwa siku moja, mheshimiwa."

Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Mlihesabuje?"

"Kwa vifungo. Kila mtu kifungo, na aliyerudi hakuhesabiwa tena."

"Mlijuaje kwamba huyu amerudi, si mtu mpya?"

"Mheshimiwa, ni majirani zetu. Wewe ukirudi nyumbani jioni, mkeo anauliza wewe ni nani?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko, naye akacheka, akaandika. Binti yetu akatandika ramani tuliyoichora wenyewe: barabara ya magari ipite kwenye lango la zamani la kiwanda, ambako malori yalikuwa yanapita siku zote bila kubomoa nyumba ya mtu. Mjumbe mmoja, mhandisi, akainuka kwenye kiti akaja kuitazama kwa karibu. Akawauliza kampuni, "Kwa nini hamkufikiria hili?" Ofisa wao akaanza kupekua makaratasi. Kisha barua yako ikasomwa, pamoja na ule mstari wa nne. Wifi, minong'ono ilipita ukumbini kama upepo. Wenye nyumba wengine watatu walisimama hapo hapo wakasema na wao waliambiwa maneno hayo hayo.

Jana uamuzi umetoka kwa maandishi. Mpango haukukataliwa, umerudishwa ukarekebishwe. Barabara ihamie lango la zamani. Kichochoro kibaki, kipanuliwe kuwa mita sita, kiwe na taa. Maghorofa mawili ya upande wetu yashushwe hadi orofa nane. Na nyumba sitini ndani ya maghorofa zitengwe kwa wapangaji wa mtaa kwa kodi ya kudumu. Hatukupata vyote. Uwanja wa watoto umebaki nusu, na namba moja na mbili zitaondoka, wenyewe wameridhia na tumewatakia heri. Vijana wameahidiwa kazi, tumedai iandikwe, bado hawajaandika. Tutarudi kwenye benchi la karani.

Ile karatasi ya pili bado sijaijaza. Kila nikishika kalamu mkono unakuwa wa mtu mwingine. Nipe muda.

Wifi yako.


8 Septemba

Wifi yangu,

U hali gani? Nimesikia umeomba likizo na ukakubaliwa. Hukuniambia wewe, kaniambia binti, na binti kaambiwa na wewe kwa simu. Kumbe mnapigiana. Sawa.

Wapima ardhi wamekuja leo asubuhi kupiga vigingi. Nilitoka na futi yangu ya kushonea shingoni. Nikapima kichochoro kutoka ukutani hadi kwenye kigingi cha kwanza, nikaunganisha futi mara nne. Nikamwambia kiongozi wao, "Baba, hapa ni mita tano na nusu. Uamuzi unasema sita." Akasema futi ya fundi nguo si kipimo cha ardhi. Nikamjibu kwamba nimewapima mabwana harusi wanaojibana tumbo na sijawahi kukosea. Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akakunja uso, akaleta chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia muda mrefu. Akachungulia tena.

Kisha akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa, akatembea hatua moja ndogo, akakipigilia upya. Tulikuwa tumesimama hapo kama watu thelathini. Hakuna aliyepiga makofi. Tulitazama tu kile kishimo cha kwanza kikibaki wazi. Mimi sijawahi katika maisha yangu kuona mtu wa ofisi akisogeza kitu kwa sababu mmoja wetu amesema.

Nikarudi ndani, nikanawa mikono, nikaketi, nikajaza ile fomu. Mkono ulikuwa wangu.

Likizo yako inaanza tarehe ishirini. Chumba cha mbele nimekipiga deki, na binti amebadilisha waya zake zote, hakuna tena alama ya mtu mwenye njaa. Najua mlangoni patakuuma. Hata mimi paliniuma mwaka mzima. Nitasimama hapo, tutaingia pamoja.

Barua hii usiijibu kwa kalamu. Ijibu kwa miguu.

Wifi yako, wa nyumba namba kumi na saba.